Umande wa kunywa: leso, turubai, mfuko wa majani au shimo la jua?

Mlima Longonot, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, una urefu wa mita 2,776, na njia ya kuupanda haipiti kijito hata kimoja. Kreta ya Menengai, juu ya mji wa Nakuru, iko vivyo hivyo: mvua ikinyesha huzama kwenye mawe ya volkano ikapotelea chini. Maziwa ya karibu, Nakuru na Elmenteita, ni ya magadi, hayanyweki. Ukielekea magharibi hadi Kisumu unakuta ziwa la maji baridi lisilo na mwisho machoni, lakini ni maji yanayoweza kubeba kipindupindu, na kuyaingia miguu mitupu ni kujiuza kwa kichocho. Aliyeishiwa na maji safi ufuoni ana shida yake, kama alivyo na yake aliyeishiwa kule kreta.

Pande zote mbili zina kitu kimoja cha kufanana. Usiku ukiwa mtulivu na anga likiwa wazi, nyasi huamka zimelowa. Kazi ni kuutoa umande huo kwenye jani na kuuingiza kwenye chupa kwa vitu ulivyo navyo begini. Wakwea milima, skauti na wafugaji wanaolala nje na mifugo hutajiwa njia nyingi, na jinsi zinavyosimuliwa utadhani zote zinalingana. Hazilingani hata kidogo, na anayechagua vibaya anaweza kupoteza jasho jingi kuliko maji atakayoyapata.

Niseme mapema ninaposimama. Katika ukanda huu wetu, leso ya pamba na nyasi safi kabla ya jua kuchomoza ndilo chaguo la kwanza. Turubai au sandarusi ni la pili, na mvua ikikaribia linapanda kuwa la kwanza. Mfuko unaofungwa kwenye tawi ni wa mchana wa kiangazi. Shimo la jua ningelifuta kabisa kwenye akili ya mtu mwenye kiu, isipokuwa katika hali moja nitakayoitaja.

Kwa nini eneo ndilo kila kitu

Jua likishatua, jani la nyasi, paa la gari na kipande cha sandarusi vyote huanza kutoa joto kuelekea angani. Kitu chembamba hupoa haraka kuliko hewa inayokizunguka. Kikipoa hadi pale ambapo hewa inayokigusa haiwezi tena kuubeba mvuke wake wote, mvuke hugeuka matone juu yake. Umande basi hauanguki kutoka juu. Unazaliwa palepale kwenye jani.

Kiasi chake kina kikomo cha kimaumbile. Hata usiku unaofaa kabisa, mita moja ya mraba haiwezi kutoa zaidi ya takriban lita 0.8, kwa kuwa joto linaloweza kupotea angani kwa usiku mmoja haliruhusu zaidi. Usiku mzuri wa kawaida hutoa kati ya lita 0.1 na 0.3 kwa mita ya mraba, na usiku mwingine hautoi chochote. Linganisha na mahitaji: mtu mzima aliyetulia anahitaji angalau lita 2 za kunywa kwa siku, na anayepanda mlima juani anahitaji zaidi ya hapo.

Piga hesabu. Turubai la mita 2 kwa 2 lina mita nne za mraba. Kwa usiku mzuri utategemea kati ya vikombe viwili na lita moja na kidogo, na sehemu ya hayo itabaki imeng'ang'ania turubai lenyewe. Mteremko wa nyasi ulio mbele yako una maelfu ya mita za mraba, na umeshafanya kazi usiku kucha bila wewe kutandika chochote. Ndiyo sababu naanza na leso.

Kabla ya kuchagua njia yoyote, usome usiku. Mawingu hurudisha joto chini, kwa hiyo usiku wenye mawingu mazito hauna umande wa maana. Upepo nao huchanganya hewa na kukausha kinachojitokeza. Moshi wa moto wako ukipanda wima, matumaini yapo. Ukigusa nyasi saa nne usiku na tayari zina unyevu, asubuhi utavuna. Ukingo wa Menengai hupigwa na upepo, ilhali kibonde kilicho chini yake hukusanya hewa baridi na kulowa zaidi, hivyo tofauti ya hatua mia chache inaweza kuwa tofauti ya chupa tupu na chupa yenye maji. Majira pia yana neno. Wiki za anga wazi baada ya mvua, ardhi ikiwa bado imeshiba, ndizo bora. Januari na Februari upande wa Nakuru usiku ni baridi na nyota zimejaa, lakini hewa ni kavu na umande mara nyingi ni haba.

Leso kwenye nyasi

Njia yenyewe haihitaji ufundi. Funga kitambaa cha pamba kwenye kila muundi, kuanzia kifundo cha mguu hadi chini ya goti, kisha tembea kwenye nyasi zinazofika goti. Kitambaa cha tatu kishike mkononi, ukikiburuta juu ya majani. Kila kikilowa, kikamulie kwenye sufuria au chupa iliyokatwa shingo. Muda wako ni kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa moja asubuhi. Jua huku kwetu huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na likishaipiga nyasi moja kwa moja mavuno huyeyuka upesi. Kwenye nyasi ndefu zilizolowa sawasawa, mtu mwenye bidii anaweza kukaribia lita moja kwa saa. Hakuna njia nyingine ya umande kwenye ulinganisho huu inayofika hapo.

Kitambaa chenyewe kina umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Leso ya zamani iliyofuliwa mara nyingi hunyonya vizuri. Leso mpya bado ina wanga na rangi yake hutoka, kwa hiyo ifue kabla ya safari. Kitenge chenye nta hukataa maji. Fulana ya pamba inafaa. Jezi ya mpira ya poliesta haifai sana, maana maji huteleza juu yake na kudondoka kabla hujakamua. Taulo hubeba maji mengi kuliko vyote, ila linataka mikono yenye nguvu kulikamua hadi tone la mwisho.

Hapa kuna kasoro kubwa, nami nataka msomaji aichukulie kwa uzito. Leso haikusanyi umande peke yake. Inakusanya vumbi, mbolea ya ng'ombe, mayai ya minyoo na chochote kilichopuliziwa majani hayo. Nyasi za malisho zina kinyesi hata pale jicho lisipokiona. Nyasi za kinamasi zinaweza kubeba vijidudu vya minyoo ya ini wanaosumbua ng'ombe na kondoo, nao humwingia binadamu pia. Hayo yote moto unayamaliza. Dawa za shambani moto hauzimalizi. Kingo za mashamba ya mahindi na ngano huko Njoro, mashamba ya miwa ya Nyando na Mumias, majani ya chai ya Kericho na Nandi, mashamba ya mpunga ya Ahero: kote huko usivune umande hata nyasi ziwe zinameremeta kiasi gani. Chemsha upendavyo, sumu itabaki ndani ya sufuria. Pembezoni mwa barabara kuu pia pita tu.

Kisha kuna walio ndani ya nyasi. Bafe hulala kimya na hapishi njia, hivyo tanguliza fimbo na usiingize mguu usipopaona. Kupe watakupanda, jikague ukimaliza. Na kwa mtu wa Kisumu, jambo moja linashinda mengine yote: viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi na hurudi majini alfajiri, saa ileile unayotaka kwenda na leso yako. Nyasi za ufuoni karibu na Dunga si mahali pa kuvuna umande gizani. Panda juu, mbali na maji, au subiri kupambazuke kabisa na ukubali kupata kidogo.

Baridi nayo si jambo dogo. Kutembea na miguu iliyolowa saa kumi na moja alfajiri juu ya Mau kunaweza kumtetemesha mtu hadi akapoteza nguvu. Vaa suruali fupi, acha soksi na suruali ndefu zikiwa kavu ndani ya hema, na ukimaliza jikaushe na uvae upya kabla ya kukaa kuchemsha.

Turubai na sandarusi

Faida ya turubai ni usafi na usingizi. Unalitandika jioni, unalala, na asubuhi maji yaliyopo hayajagusa kinyesi wala udongo. Kwa anayepiga kambi kwenye malisho machafu au kando ya mashamba, ubora huo unatosha kulifanya liishinde leso hata kama maji ni kidogo, mradi tu liwe mbali na sehemu inayopuliziwa dawa.

Namna ya kulitandika ndiyo hutofautisha aliyepata kikombe na aliyepata chupa. Lisilale ardhini, kwa kuwa ardhi ina joto la mchana na itazuia turubai lisipoe. Weka nyasi kavu au matawi chini yake, nene kiasi cha shubiri moja. Liinamishe kwa takriban nyuzi 30: mteremko huo hupeleka matone chini bila kuliondolea anga. Upande wa chini ukunje mfereji unaoelekea kwenye sufuria. Liwe peupe pia, si chini ya mti, maana mti utalizuia kutoa joto lake. Na usisubiri matone yateremke yenyewe. Mengi ni madogo mno na hushika palepale, kwa hiyo alfajiri lipitie kwa sponji safi au kipande cha leso, ukikamua kila mara. Hapo ndipo nusu ya mavuno hupatikana.

Rangi na ng'aro vina athari ambayo wengi hawaitarajii. Kitu kinachong'aa mithili ya kioo, kwa mfano blanketi ya dharura ya rangi ya fedha au karatasi ya aluminiamu, hakitoi joto kirahisi, kwa hiyo hakipoi haraka. Sandarusi ya kawaida au turubai lisilong'aa hufanya kazi vizuri zaidi. Ndivyo ilivyo kwa mabati: mabati mapya yanayometameta hupata umande mchache kuliko yaliyopakwa rangi au yaliyozeeka. Paa la gari lililopakwa rangi, kwa upande mwingine, ni mtego mzuri mno, kwa kuwa ni jembamba, liko juu ya ardhi na halijazibwa na kitu. Gari likikwama usiku porini, paa lake lililofutwa vumbi jioni linaweza kukupa kikombe asubuhi. Kioo cha mbele kiache. Kina sabuni na mafuta ya barabarani.

Kuna sheria ya kuzingatia. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga, fuo na misitu inayolindwa. Longonot, Hell's Gate, Ziwa Nakuru na Msitu wa Kakamega zote zimo. Nunua turubai au sandarusi nzito ya kujengea, ile inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, itumie miaka, na urudi nayo nyumbani kila safari. Nchi hii imefanya kazi ngumu kuisafisha mitaro yake na sioni sababu ya sisi wapenda milima kuichafua upya.

Lakini hoja inayonifanya nisiache turubai nyumbani kamwe ni mvua. Milimita 10 za mvua, manyunyu tu ya jioni kwa mtu wa Kakamega, zikiangukia mita nne za mraba ni lita 40. Umande wa usiku mzuri juu ya turubai lilelile haufiki hata lita moja na nusu. Kisumu hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka na Kakamega hukaribia 2,000, mara nyingi ikinyesha alasiri. Anayefikiria umande huko huku mawingu yanajikusanya juu ya Nandi anafikiria kitu kisichofaa. Atandike turubai kwa ajili ya mvua, ayaache maji ya dakika za mwanzo yaoshe vumbi, kisha ajaze mitungi.

Vitu viwili nivipitie haraka. Neti ya mbu haifai kabisa kukusanya wala kuchuja maji ya kunywa. Neti zinazogawiwa nyumbani hutiwa dawa ya kuua wadudu ya jamii inayoiga pareto, zao ambalo Nakuru inalifahamu vizuri, na dawa hiyo imewekwa ikae miaka. Rundo la mawe nalo, ambalo baadhi ya watu hudai hutoa maji alfajiri, liache. Mwanzoni mwa karne ya 20 Friedrich Zibold alijenga rundo kubwa la mawe karibu na Feodosia, Crimea, na miaka ya 1930 Achille Knapen akasimamisha mnara wenye kuta nene huko Trans-en-Provence, Ufaransa. Mnara huo ulitoa maji kidogo mno kwa ukubwa wake, kwa sababu jiwe zito huhifadhi joto la mchana na halipoi vya kutosha kabla ya kupambazuka. Chembamba hushinda kizito kila mara katika kazi hii.

Mfuko kwenye tawi

Hii si njia ya umande, ila nailinganisha kwa kuwa ndiyo inayobaki umande usipokuwepo. Mti huvuta maji kwa mizizi na kuyatoa kwa majani. Ukiyafunika majani ya tawi lililo juani kwa mfuko mzito unaopitisha mwanga na kuufunga shingo yake kwa kamba, mvuke hukusanyika ndani na kushuka kwenye kona ya chini, ambapo umetangulia kuweka kijiwe laini ili mfuko uning'inie. Jioni unapata kati ya nusu kikombe na kikombe, wakati mwingine zaidi kama mti una maji na jua ni kali. Tawi moja halitoshi mtu. Matawi matano au sita yanaanza kuwa na maana, na kila siku uhamie tawi jingine.

Nguvu yake ni kwamba inafanya kazi wakati umande umekataa, ile Januari ya anga kavu, na haikugharimu jasho. Maji yenyewe hayajagusa udongo. Udhaifu wake ni uchaguzi wa mti. Kamwe usifunge mfuko kwenye mti wenye utomvu mweupe. Yuforbia kubwa zinazofanya msitu ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru zina utomvu unaounguza ngozi na macho, na mnyaa, ule ambao Waluo huuita ojuok na kuupanda uwe ua wa boma, ni vivyo hivyo. Olianda ya bustanini, lantana ya vichakani na akokanthera ya sumu ya mishale zote ziepuke. Leleshwa, iliyojaa miteremko ya Bonde la Ufa, ina harufu kali na sioni kwa nini mtu ainywe akiwa na chaguo jingine. Mgunga nao una miiba itakayotoboa mfuko kabla hujaufunga. Kama hujui jina la mti ulio mbele yako, usinywe kitu kilichotoka kwake.

Shimo la jua

Mwaka 1965 watafiti wawili nchini Marekani, Ray Jackson na Cornelius van Bavel, walichapisha katika jarida la Science maelezo ya shimo linalofunikwa kwa plastiki: chombo katikati chini, jiwe dogo juu ya plastiki, jua likiugeuza unyevu wa udongo kuwa mvuke na matone yakidondoka kwenye chombo. Tangu hapo shimo hilo limenakiliwa katika mafunzo mengi ya kuokoa maisha nyikani, na ndiyo sababu watu hulijua kuliko kitambaa cha pamba.

Hapa kwetu silipendekezi. Chini ya Menengai na Longonot ni mawe ya volkano. Utavunja panga kabla ya kufika goti. Pale udongo unapokubali, kuchimba kunakutoa jasho la nusu lita au zaidi, na shimo moja katika siku nzima huenda lisirudishe kiasi hicho. Udongo ukishakauka lazima uchimbe jingine. Na mahali ambapo udongo umelowa kiasi cha kulifanya shimo lizae, kama huko Vihiga au Kakamega, utapata kijito au mvua kabla hujamaliza kuchimba.

Hali ile moja niliyoiahidi ni hii: umekwama siku kadhaa kando ya ziwa la magadi kama Elmenteita, una sandarusi, una jembe, na udongo ni laini. Mwagia maji ya ziwa pembeni ndani ya shimo. Jua litapandisha maji peke yake, na chumvi, magadi na floraidi vitabaki chini. Chimba jioni, si mchana.

Eburru, ambako mvuke hutoka ardhini

Siwezi kuzungumzia kuvuna maji ya hewani katika Kaunti ya Nakuru nikaipita Eburru. Mlimani huko hakuna mito ya kudumu, lakini mvuke wa joto hutoka kwenye nyufa za ardhi. Tangu zama za walowezi, wenyeji wamekuwa wakiuelekeza mvuke huo kwenye mabomba. Unapoa njiani na kudondoka kwenye matangi ukiwa maji ya nyumbani na ya mifugo. Kanuni ni ileile ya umande, kitu baridi kukutana na mvuke, ila hapa mvuke unatolewa na ardhi mchana na usiku, bila kujali nyota wala upepo. Mahali penye matundu kama hayo, bomba au bati lililoinamishwa linashinda kila mbinu niliyoitaja.

Si la kujaribu kiholela, hata hivyo. Mvuke huo unaunguza hadi mfupa na gesi nyingine hutoka pamoja nao. Kaa upande upepo unakotoka, usiiname juu ya tundu, na ikiwezekana uwaulize wenyeji ni matundu gani wanayoyatumia.

Kuna jambo linalohusu familia kuliko wapiga kambi. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi inayopita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya watoto wetu ni ushahidi tunaouona kila siku. Kuchemsha hakuiondoi, kunaifanya ikolee zaidi kwa vile maji hupungua. Umande, mvua na mvuke uliopozwa havina tatizo hilo. Kwa boma la Gilgil au Njoro linalotaka maji ya watoto, chaguo si leso wala sandarusi. Ni bati safi, mfereji na tangi la mvua.

Kuyafanya yanyweke

Maji ya leso yachuje kwanza kwa kitambaa kingine safi kilichokunjwa mara nne, halafu uyachemshe. Nakuru mjini, kwenye takriban mita 1,850, maji huchemka karibu nyuzi 94. Timboroa, zaidi ya mita 2,700, huchemka karibu 91. Dakika moja ya kutokota inatosha maeneo ya chini, na juu ya mita 2,000 yaache yatokote dakika tatu. Bila moto, tumia dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa, usubiri nusu saa. Bila dawa, jaza chupa ya plastiki isiyo na rangi na uilaze juani saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu, ila maji lazima yawe yamechujwa hadi yang'ae. Maji ya turubai safi yanahitaji hatua hizohizo kama ndege wamepita juu. Ya mfuko wa tawi, kutoka mti unaoujua, yanaweza kunywewa moja kwa moja.

Umande hauna chumvi. Aliyetoka jasho siku nzima au anayeharisha asinywe maji matupu tu: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa.

Kwa safari yako

Longonot na Menengai: beba maji yako yote, lita tatu au nne kwa kila mtu, na uchukue leso na turubai kama akiba. Ukilazimika kulala, shuka kibondeni kusiko na upepo. Hell's Gate nyati hutembea huru, kwa hiyo usiende na leso nyasini kabla ya mwanga kamili. Tumia turubai karibu na hema. Ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru hutembei kwa miguu hata kidogo, basi paa la gari ndilo lako. Kisumu na ufuo wote hadi Homa Bay, turubai kwa ajili ya mvua, na maji ya ziwa yaliyochujwa na kuchemshwa yatakufaa kuliko umande wowote. Kakamega, turubai tena. Mau, Timboroa na Tinderet, nyasi hulowa hadi mtu akadhani mvua imenyesha, na leso inatawala. Lakini usiku mwingine huko hushuka sakitu, yaani barafu nyembamba juu ya majani, badala ya umande. Hapo usiburute kitambaa. Ikwangue sakitu kutoka kwenye turubai au paa la gari kwa kisahani, itie kwenye sufuria na uiweke motoni.